Mchoro mzuri, hesabu zinagoma: nifanye nini?

SWALI: Ninafundisha fizikia mwaka wa tatu wa humanité (sekondari ya juu) hapa Bukavu, Kongo. Wanafunzi ni wengi, na kitabu ni kimoja tu, nacho ni changu. Nimechora mzunguko wa umeme kwenye karatasi kubwa, sehemu zake zikiwa na namba, na maelezo ya kila namba yakiwa chini. Wananakili vizuri, lakini nikiwapa hesabu wanakwama. Je, niongeze maelezo?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, maelezo usiongeze, yahamishe. Mwanafunzi anayeona namba 4 kwenye waya, akashuka chini kutafuta maana yake, kisha akapanda tena, hutumia nguvu ya akili kutafuta tu, na ya kuelewa inabaki kidogo. John Sweller wa Australia, ambaye tangu miaka ya 1980 amechunguza jinsi kumbukumbu ya muda mfupi inavyolemewa upesi, alionyesha pamoja na wenzake kwamba maneno yanapoandikwa palepale penye kitu yanachokieleza, mzigo huo hupungua. Kwa hiyo futa namba zote, uandike «betri» kando ya betri. Majina ya kitaalamu uyaandike kwa Kifaransa, kwa kuwa Mtihani wa Taifa utayauliza hivyo, lakini chini ya kila jina weka maneno machache ya Kiswahili yanayosema kifaa hicho kinafanya nini. Mapambo ya pembeni, hata yakipendeza namna gani, yaondoe.

Hata hivyo, mchoro peke yake haufundishi kukokotoa, na nadhani hapo ndipo penye shida yako kubwa. Andaa kadi tatu kwa kila kundi. Ya kwanza iwe na hesabu iliyokwisha kufanywa yote: betri ya volti 6, ukinzani wa omu 12; kanuni U = R × I (U ni volti, R ni ukinzani, I ni mkondo wa umeme kwa ampea); kuigeuza kuwa I = U ÷ R; kuweka namba, 6 ÷ 12; jibu, nusu ampea. Kando ya kila hatua andika sababu yake, kwa mfano «tunagawanya kwa R ili I ibaki peke yake». Kadi ya pili, ya volti 9 na omu 3, iishie kwenye kanuni iliyogeuzwa, wamalizie wenyewe. Ya tatu iwe na swali tu. Wanaokwisha kuelewa wasilazimishwe kusoma kadi ya kwanza, maana kwao hatua hizo zote huwa kero.

Kuhusu karatasi, gunia la mchele lililopasuliwa na kupakwa rangi nyeupe hudumu kuliko karatasi, hasa msimu wa mvua. Kabla ya kuchora kwa rangi, chora kwa penseli, umwite mwanafunzi wa kiwango cha kati (si yule wa kwanza darasani) akueleze mchoro huku akifuata mkondo kwa kidole, nawe ukinyamaza. Kidole kikisita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha.