Paka Anayejikuna Karibu na Mkia
SWALI: Daktari, paka wangu amenyonyoka manyoya karibu na mkia na ana vipele vidogo, ingawa sijaona kiroboto hata mmoja. Chanzo ni nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kutowaona viroboto hakumaanishi kwamba hawapo, kwa kuwa paka hujilamba na kuwameza, na akiwa na mzio wa mate yao, kuumwa mara chache tu hutosha kumwasha kwa siku nyingi. Mchane juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu. Chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Mabaka ya mviringo yenye magamba huenda yakawa choa, ambayo huwaambukiza watu pia. Nakusihi usimpake dawa ya mbwa yenye pemethrini (kemikali ya kuua wadudu), kwani yaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.