Re: Catalina 22 mpya (boti ndogo ya matanga), mashine ya hospawa 5 au 10?

Ndugu, chukua 5, ya mipigo minne, ile isiyochanganywa oili na petroli. Boti hii ina uzito wa kama tani moja, na umbo lake halivuki sana maili 6 za baharini kwa saa hata ufunge 20. Uzito wa ziada wa mashine kubwa utazamisha tu tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti.

Wengi husahau urefu wa mguu wa mashine, ile sehemu inayoshuka majini: inchi 20, si 15. Mguu ukiwa mfupi, wimbi likinyanyua tezi rafadha, yaani pangaboi, inazunguka hewani, mashine inapiga kelele bure.

Kuhusu nyongeza ulizouliza, mimi ningeanza na kamba za kupunguza tanga kuu upepo ukizidi, kwa hatua mbili. Redio ya muziki utanunua dukani baadaye, tena kwa bei nafuu. Trela iwe na breki.