Madogo wa fildi, hiyo feni izimeni kwanza

Jana asubuhi nimemkuta dogo wa fildi ameinama juu ya chaki, ile taya ya leth (mashine ya kuchonga chuma) inayoshika kazi, bomba la upepo mkononi, anapuliza chenga za chuma na kulanti, yale maji ya mafuta ya kupoza kisu, huku kafumba jicho moja. Nikamuuliza anafanya nini. "Nasafisha, fundi." Wiki iliyopita mwenzake alikuwa hivyohivyo, na mwaka jana wengine wawili. Nimeona niandike tu, maana sauti imenikauka, na si kwa kufoka peke yake.

1. Upepo si ufagio. Ukiipuliza kulanti unaigeuza ukungu halafu unauvuta mwenyewe. Brashi ipo pale ukutani, haijawahi kumng'ata mtu.

2. CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ikisimama, ukungu wa ndani haujasimama. Hesabu mpaka mia ndipo ufungue mlango. Najua bosi anahesabu vipande. Mwache ahesabu.

3. Tambara la mafuta halikai mfukoni. Hili mnalicheka kila mwaka. Uingereza, kule Lancashire, wasokotaji pamba walilowa mafuta ya mashine mapajani miaka nenda rudi, wakaishia kupata saratani ya ngozi ya korodani. Mafuta ya siku hizi yamesafishwa zaidi, sawa, lakini tambara lenyewe linakaa palepale. Haya, cheka tena.

4. Feni. Hapa nitakaa kidogo, mtanivumilia.

Enzi hizo leth yangu ilikuwa ya mwisho kabisa, kona ya ukutani, na Februari ya Dar mnaijua. Nilikuwa nachonga shafti za mashine za kusaga, spidi kubwa, kulanti nimeifungulia mpaka mwisho. Moshi ulikuwa unanijia usoni, nikatafuta feni ya kusimama nikaiweka mgongoni. Raha! Ukungu ukaondoka. Sikujiuliza unakwenda wapi.

Mbele yangu, hatua kama nne, ndipo lilipokuwa benchi la saidia wangu, kijana wa miaka ishirini hivi, anapiga tupa kutwa. Akaanza kukohoa. Nikamtania, "Punguza sigara." Havuti. Nikamwambia anywe maziwa yasafishe kifua, tena nikamnunulia pakiti kwa hela yangu, nikajiona baba mwema. Maziwa yanakwenda tumboni, madogo. Mapafuni hayafiki, na ukiona yamefika, kimbilia hospitali.

Na tangi langu la kulanti sasa. Kila Jumatatu lilinuka kama mayai viza, mimi namimina Dettol kidogo na maji, kazi inaendelea. Kumbe ile harufu ni bakteria, na nilichokuwa nampulizia yule kijana ni supu yao. Baadaye ndipo nikasoma kwamba Birmingham, kwenye kiwanda cha injini, mwaka 2003 na 2004, makumi ya wafanyakazi waliugua pumu na mapafu kuvimba, na kulanti iliyochafuka ndiyo iliyonyooshewa kidole.

Kijana wangu akapimwa makohozi, TB hakuna. Desemba akaenda kwao Singida wiki tatu, kikohozi kikaisha, akarudi anasifia hewa ya nyumbani. Jumatatu kufika saa sita mchana kifua kinapiga filimbi kama birika. Alimpata daktari mmoja aliyemuuliza mambo matatu tu: unafanya kazi gani, unakohoa siku zipi, likizo inakuwaje? Pumu ya kazini. Akaambiwa asirudi kwenye ule ukungu, na hakurudi.

Jioni ile nilibaki. Nikaacha leth inazunguka tupu na kulanti inamwagika, nikazima taa (msiige, mimi nilisimama mbali), nikamulika tochi kutokea upande wa pili. Ukungu ambao mchana sikuwahi kuuona ukaonekana wote, unatoka kwenye chaki kama mto, unapita hatua nne, unatua benchini, usawa wa mdomo wa mtu aliyeinamia tupa. Kwangu kulikuwa safi kabisa.

5. Tangi. Pima kwa rifraktometa, kile kidude kinachoonyesha mafuta ni kiasi gani kwenye maji, usipime kwa macho. Kulanti nyingi zinataka kati ya asilimia 5 na 10, soma maandishi ya pipa. pH, kipimo cha uchachu, ikishuka chini ya 8.5, kuna jambo. Mafuta ya kulainisha reli za mashine yanayovujia tangini na kuelea juu yaondoe. Unapochanganya, mafuta yanaingia kwenye maji, si maji kwenye mafuta. Likinuka, lifungue, lioshe lote, anza upya. Na aliyetupa ganda la ndizi kwenye tangi la mashine ya miling namjua.

6. Barakoa ya kitambaa ni pambo. Hata zile za viwandani zenye herufi N hazikutengenezewa mafuta. Tafuta R au P. Lakini barakoa inakuja mwisho. Kwanza punguza presha ya kulanti, elekeza nozeli kwenye ncha ya kisu, funga kifuniko cha bati, na bomba la kufyonza likae juu ya mashine, siyo juu ya kichwa chako.

7. Ukikohoa Jumatatu na Jumapili huna kitu, andika tarehe, uende nazo hospitali, na useme kazi yako hata usipoulizwa. Yule kijana sasa anauza spea za bodaboda. Hunipigia sikukuu, hana kinyongo, jambo ambalo linaniumiza kuliko angekuwa nacho. Idi iliyopita akaniuliza, "Fundi, ile feni bado ipo?" Nikamwambia ipo, ila tumeigeuza, siku hizi inapuliza kuelekea mlangoni.

Akanyamaza kidogo. "Mlangoni anakaa nani?"

Nikatoka na simu sikioni kuangalia. Mama lishe na sufuria zake.