Asilimia 90 si alama 90

Umeuliza filamu moja inapataje 90 Rotten Tomatoes na 65 Metacritic (tovuti mbili zinazokusanya maoni ya wahakiki wa filamu), nani anadanganya? Hakuna. Rotten Tomatoes wanahesabu vichwa tu: wahakiki wangapi wameipitisha. Wakiwa kumi, tisa wakasema "haya, si mbaya, inatazamika", tayari ni 90%, hata kama hakuna aliyeipenda kwa dhati. Metacritic wao wanageuza kila uhakiki kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha wanatafuta wastani, na baadhi ya wahakiki wanapewa uzito zaidi (uzito wenyewe hawautangazi, na hilo linaniudhi).

Chukua filamu ya Joker ya 2019. Ilibeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, lakini Metacritic ikaishia 59, kwa sababu huyu kaipa 100 na yule kaichana vibaya. Wastani wa hapo haukwambii kitu.

Mimi filamu ikitoka nasoma mmoja aliyeisifu na mmoja aliyeiponda, naangalia wanagombania nini. Nikikuta malalamiko ni "inakwenda polepole mno", hapo ndipo nakata tiketi.