Ubishi wa sebuleni na dogo anayetaka kuacha chuo

Juzi kati mdogo wetu wa mwisho kaja home anasema anaacha chuo mwaka wa pili afungue duka la simu, basi sebuleni pakawaka moto. Mimi nikajifanya mtulivu, nikasema amalize kwanza huo mwaka uliobaki. Mjomba akanirukia, "wewe mwenyewe una digrii na umepanga chumba kimoja!" Iliniuma kwa sababu ni kweli, ila chumba changu na masomo ya dogo vinahusiana nini? Siku hizi kwenye ubishi najiuliza hivi tu: haya tuseme ni kweli, inajibu tunachobishania?

Halafu ikaja ile ya Bill Gates, yule tajiri aliyeacha chuo, sijui kwa nini kila familia lazima atajwe. Hii ndo inayonasa watu wengi maana sio uongo, jamaa aliondoka Harvard mwaka 1975 akaanzisha Microsoft na mwenzake Paul Allen, lakini hawakwambii kwamba baba yake alikuwa wakili, na shule aliyosoma Seattle ilikuwa na mashine ya kuunganisha na kompyuta tangu 1968, yaani dogo wa miaka 13 anaandika programu wakati watu wazima kibao hawajaiona kompyuta kwa macho. Na walioacha chuo wakafeli nani anawataja? Hata mtaani kwetu wapo, tunapishana nao tu. Ukipewa mfano wa mtu mmoja aliyetoboa, ulizia wenzake waliopita njia ileile wako wapi.

Mjomba hakuchoka, "kwa hiyo unataka mtoto azeeke na madaftari?" Mwaka mmoja umeshageuka uzee jamani. Hapo ukianza kutetea huo uzee umekwisha, we rudia maneno yako vilevile ulivyoyasema mwanzo.

Sasa mimi mwenyewe baada ya uhodari wote huo si nikapandwa na jazba, nikamwambia dogo ukiacha chuo utashinda kijiweni, kijiweni utafundishwa bangi, mwisho tutakuja kukutoa polisi. Akaniangalia, "kaka, kutoka duka la simu mpaka polisi umepitia njia gani?"

Bibi ndo alianza kucheka. Nikanyanyuka nikasema ngoja nikachote maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.