Kabla Hujashusha Gari Unaloendea Kazini

Ndugu yangu unayetaka gari lako lilale chini kidogo na bado likupeleke kazini kila siku, anza na futi ya kupimia. Wengi wanaingia gereji wakiwaza pengo lililo kati ya tairi na madigadi tu, fundi anapunguza, wanaondoka wamefurahi. Hawajaulizana shokapu imebakiwa na nafasi kiasi gani ya kushuka kabla ya kugonga raba yake ya mwisho. Tuseme gari likisimama tupu lina milimita 80 za nafasi hiyo. Ukishusha 50, zimebaki 30. Sasa panda na watu watano, buti limejaa, halafu pita kwenye shimo: kishindo chote kinaingia kwenye bodi.

Kwa barabara zetu za Dar, ushauri wangu ni milimita 25 hadi 30, basi. Runx au Impreza ikishuka hivyo inapendeza, na unaingia sheli bila kukwangua bampa. Usijilinganishe na picha za Japani. Kule sheria inaruhusu gari libaki na sentimita 9 kutoka ardhini, na kwa urefu huo matuta yetu mengi yatakufikia tumboni.

Kukata springi nakataa. Springi ikipunguzwa urefu inakuwa ngumu zaidi: yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiitoa mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20, na shokapu yako ya zamani haikutengenezwa kuudhibiti ugumu huo. Ndiyo maana gari linarukaruka kwenye lami yenye mawimbi. Kibaya zaidi, tairi likining'inia springi fupi inacheza kwenye kikombe chake, na inaweza kurudi ikiwa imekaa upande. Na fundi akitaka kuichoma kwa gesi ili ilale, ondoa gari lako hapo. Moto ule unaua nguvu ya chuma.

Nunua springi za kushushia zilizotengenezwa kwa modeli yako, na shokapu mpya zinazoendana nazo, kwa pamoja. Kama hela haitoshi kwa vyote viwili, subiri. Ukienda kwenye koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja ambazo urefu wake unarekebishwa, uliza unarekebishwa vipi. Zipo ambazo unashusha kikombe cha springi tu, na hapo unakula ile nafasi ya shokapu. Nyingine zinazungushwa kwenye kitako cha chini, kwa hiyo gari linashuka na nafasi inabaki. Kwa gari la kila siku mimi nachagua hizi za pili bila kusita, hata kama bei inauma.

Bushi, boljointi na linki za stebalaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) zikague kabla ya yote. Springi ngumu itazimaliza zile zilizochoka.

Jambo jingine wageni wa mambo haya hawaliangalii: mkono wa chini wa tairi la mbele. Magari mengi tunayoendesha, kwa mbele yana mfumo wa MacPherson, yaani tairi linashikwa na shokapu kwa juu na mkono huo kwa chini. Ukishusha kupita kiasi, ncha ya mkono iliyo upande wa tairi inakuwa juu kuliko ile iliyofungwa kwenye bodi, na gari linapata tabia ya kulala zaidi kwenye kona, kinyume cha ulichokitafuta. Chungulia chini uone.

Alaimenti ni lazima, na ukairudie springi zikishakaa. Tairi likiliwa upande wa ndani watu hulaumu kule kuinama kwake, lakini mara nyingi mlaji mkubwa ni matairi kutazamana vibaya, na hilo mashine inalirekebisha. Taa za mbele nazo zipimwe upya.

Kabla ya kulipa, jaza gari watu, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha rudi nyuma polepole juu ya tuta. Ukisikia tairi linasugua popote, liache hapohapo gereji lipandishwe.