Kidude alichobandikwa mama kifuani

SWALI: Shikamoo mzee. Mama yangu anapigwa mionzi kwa ajili ya saratani ya titi. Juzi, kabla mashine haijawashwa, walimbandika kifuani vipakiti vitatu vya nailoni, kila kimoja na kipande cheupe kidogo mno ndani yake. Baadaye wakavibandua, wakasema majibu ni kesho. Shangazi anadai ile ni mionzi ya ziada, na kwamba mama asilale na wajukuu. Ni kweli?
Binti wa Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba binti. Wajukuu walale na bibi yao. Mionzi ya mashine ya nje ikishazimwa imezimwa, haibaki mwilini. Na kile kipande hakitoi mionzi, kinapokea.

Ni fuwele ya lithiamu floraidi iliyotiwa magnesi na titani kiduchu. Upana wake ni milimita 3 hivi, unene haufiki milimita 1. Ukikiona utadhani chembe ya chumvi ya mawe. Mionzi ikipita ndani yake huzing'oa elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, mahali pake, na baadhi hunasa kama samaki kwenye dema. Hukaa humo hata wiki kadhaa. Kipashe moto hadi nyuzi 300 hivi za Selsiasi, zinachomoka, na kwa kuchomoka huko fuwele inatoa mwanga wa samawati, hafifu sana. Mashine ya kusomea inauhesabu. Mionzi ikiwa mingi, na mwanga unakuwa mwingi.

Mbona kesho, basi? Kwa sababu mitego mingine haina nguvu. Elektroni zake huchoropoka zenyewe ndani ya saa chache, kwa joto la chumba tu. Ukisoma hapohapo unazihesabu na hizo, namba inapanda bure. Tunaviacha vilale usiku mmoja.

Kazi hii haitaki pupa. Vidude havishikwi kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yakipata moto nayo huleta mwanga wa uongo (nilikuwa na kijana mmoja aliyependa kula maandazi mezani, nikamhamisha meza). Tena kila kimoja kina tabia yake: viwili vikipigwa dozi ileile, kimoja husoma juu kidogo, kingine chini. Ndiyo maana kila kimoja kina tundu lake kwenye trei. Mwaka wangu wa pili kazini niliikwaa trei kwa kiwiko, vipande 50 vikamwagika sakafuni. Huwezi kujua kipi ni cha 17 na kipi cha 31. Nilivichoma upya tanurini, nyuzi 400 kwa saa 1, kisha nyuzi 100 kwa saa 2, halafu nikavipiga dozi inayojulikana ili nivipangie namba upya. Wikiendi yangu iliishia hapo.

Sasa, anayepimwa pale si mama. Ni sisi tunaopanga na kupiga mionzi. Daktari akiandika grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), nami nikapiga hesabu kwamba hapo kwenye ngozi panapaswa kufika kiasi fulani, kile kidude ndicho kinachosema kama kilifika kweli. Mashine zenyewe nazo hukaguliwa hivyo. Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Shirika la Afya Duniani, hutuma kwa posta vipimo vidogo kwenda hospitali za nchi mbalimbali. Unakizamisha majini, unakipiga grei 2 kwa hesabu zako, unakirudisha Austria. Ukipishana nao kwa zaidi ya asilimia 5, unaulizwa. Siku hizi wanatuma vya kioo maalumu, lakini kile kiroho juu cha kusubiri majibu ni kilekile.

Mama akibandikwa tena, amwambie fundi mara moja kama kimelegea. Kikiteleza nje ya eneo la miale kitasoma kidogo, nasi tutahangaika kutafuta kosa kwenye mashine isiyo na kosa. Namba ikitoka, muulizeni mtaalamu wa fizikia wa hapo awaonyeshe. Ni haki yenu.